Kiendeshi au mkalimani? Safari ya kadi ya michoro katika Linux

Kijana wa Keringet, kule Kuresoi Kusini, akinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini Nakuru, atataka kujua kwanza kama itacheza gemu. Tangu Oktoba 14, 2025, ana swali jingine. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na mashine nyingi kuukuu hazikubali Windows 11. Basi wengi wanashauriwa wahamie Linux, mfumo huria usiolipiwa. Ushauri mzuri, ila gemu huko hutegemea programu ndogo tuliyoipa jina tata: kiendeshi.

Nasema tata kwa sababu neno hilo hilo tunalitumia kwa kifaa cha kuhifadhia data na pia kwa programu inayoiunganisha kadi ya michoro na mfumo. Vitu viwili tofauti kabisa! Isitoshe, hii ya pili haiendeshi chochote. Inatafsiri. Mfumo husema lake, nayo kadi haijui ila lugha ya kiwandani kwake. Anayekaa katikati ni mkalimani, kama mzee anayegeuza Kiswahili cha chifu kuwa Kipsigis barazani. (Wanaoshikilia ngeli ya KI-VI waseme ‘kikalimani’, sitagombana nao.)

Sisi Waswahili tumewahi kuifanyia kompyuta ukalimani. Mnamo 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Wasomi wale waliweza kutafsiri kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Hawakuhitaji ruhusa ya tajiri yeyote. Lakini walitafsiri kinachoonekana kwenye skrini. Mazungumzo ya chini, kati ya mfumo na kadi, yalibaki siri ya watengenezaji.

Siri hiyo ndiyo iliyowatesa watu wa Linux kwa miaka. AMD, iliyoinunua ATI mwaka 2006, ilitangaza mwaka uliofuata kwamba itachapisha maelezo ya namna kadi zake zinavyosemeshwa. Nvidia ilikataa. Ilitoa mkalimani wake mwenyewe, aliyefungwa, umtumie bila kumchungulia. Wanaprogramu wa kujitolea wakaamua kuisikiliza kadi inavyojibu na kukisia sarufi yake, kama mwanaisimu aliyefika kwa watu ambao hawana kamusi. Kazi yao wakaiita Nouveau, neno la Kifaransa lenye maana ya ‘mpya’. Kwangu mimi huo ni utafiti wa lugha hasa, hata kama idara zetu hazitautambua.

Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliitukana Nvidia hadharani, kwa kidole na kwa maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyapitisha. Mambo hayakubadilika upesi. Kwa kadi zilizotoka kuanzia 2014, zile za GTX 900, kampuni ilidai programu ya ndani ya kadi iwe na sahihi yake. Bila sahihi hiyo Nouveau haiwezi kuipandisha kadi kasi. Picha inaonekana, gemu inajikokota.

Mnamo 2018 kampuni ya Valve ilileta Proton, ambayo hugeuza maagizo ya gemu za Windows yaeleweke katika Linux. Kumbe sasa ni wakalimani wawili, mmoja akimpokeza mwenzake, na wa chini akiwa bubu wa juu hana la kufanya.

Nvidia ililegea Mei 2022, ikafungua sehemu ya msimbo wake. Sehemu tu, tena kwa kadi za kizazi cha 2018 kuja mbele. Hapo ndipo mnunuzi wetu wa Keringet anapoguswa. GTX 1050 ya mwaka 2016 imeachwa nje, na mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba toleo la 580 la mkalimani wake ndilo la mwisho kwa kizazi hicho, mbali na marekebisho ya usalama. GTX 1650 imo. RX 570 ya AMD, ya 2017, haina shida hiyo: mkalimani wake huja ndani ya Linux yenyewe, bila kupakua chochote, na kwa mtu anayenunua bando za intaneti kwa shilingi, hilo si jambo dogo.