Mwani Uogeleao katika Upimaji wa Vifaa vya Sauti

Kutumia mwani uogeleao ni mbinu ya kupima utendaji wa vifaa vya mikrofluidi, yaani vibamba vyenye mifereji myembamba ambamo mawimbi ya sauti hukusanya au kutenganisha seli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, ni miongoni mwa walioiendeleza.

Kiumbe kinachotumika ni Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wa seli moja wenye kipenyo cha takriban mikromita 10. Huogelea kwa flajela mbili, ukikata kama mikromita 100 kila sekunde.

Ili kuzalisha sauti hiyo, kipande cha piezoelektriki hutetemeshwa kwa umeme. Kwa masafa ya megahezi 2, nusu ya urefu wa wimbi majini ni takriban milimita 0.37, na mfereji wenye upana huo hujenga wimbi simama. Chini ya hadubini, seli zilizotapakaa kila upande husukumwa na kujipanga kuwa mstari wa kijani katikati ya mfereji. Sauti ikizimwa, zinatawanyika zenyewe.

Hapo ndipo zinapozishinda chembe za plastiki zilizozoeleka katika vipimo hivi: hizo hubaki zilipokusanywa, na mfereji hulazimika kujazwa upya kwa kila jaribio. Mwani huwezesha masafa mengi kupimwa mfululizo.

Upana wa mstari nao una maana. Sauti ikiwa hafifu, nguvu ya kuogelea huutanua. Ikiongezeka, mstari hubana. Kwa uwiano huo, shinikizo la sauti ndani ya mfereji hukadiriwa.