Mwaka 1967 chini ya boneti: historia ya Land Rover kwa fundi kijana



Mara nyingi tukisema "historia" tunafikiria wafalme, vita na mipaka. Hizo sisi tuliokimbia tunazijua hata bila kitabu. Leo naomba tuongee historia nyingine, ile iliyo chini ya boneti. Wengi wetu tunajifunza ufundi wa magari, wengine kwenye kozi, wengine kwa kukaa tu na fundi na kumshikia spana. Gari la zamani likiingia gereji utasikia: "Hilo ni chuma chakavu, toa vya zamani vyote, weka vipya." Sawa, vipya ni vizuri. Lakini ukifunga kipya bila kujua gari limetoka wapi, unaweza kuunguza kifaa cha mteja hata kabla injini haijawaka. Na sisi, mteja mmoja akilalamika, jina linaharibika soko zima. Mfano wangu ni Land Rover ya petroli.

Land Rover ilizaliwa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na alikuwa akitumia jeep ya jeshi ya Marekani. Akaona wao wenyewe wanaweza kutengeneza gari la namna hiyo kwa wakulima. Wakati ule chuma kiligawiwa kwa kibali, hivyo bodi wakaifanya kwa aluminiamu. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na injini yake ilikuwa ya lita 1.6. Yaani ni gari lililotokana na uhaba, ndiyo maana liliundwa lifunguke kwa spana za kawaida. Likafika huku kwetu na serikali, misheni, mashamba na mashirika ya misaada. Miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kule Thika, Kenya, kilikuwa kinaziunganisha hapahapa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana watu wengi hudhani gari la zamani ni kitu kimoja tu. Sivyo. Series I ilidumu hadi 1958, ikaja Series II, halafu IIA mwaka 1961, halafu Series III mwaka 1971 hadi 1985. Kila hatua kiwanda chenyewe kilibadilisha vitu. Kwa hiyo tunapoboresha kabureta na umeme tunafuata njia ambayo kiwanda kilishaipita.

Tuanze na umeme. Land Rover za mwanzo zilichaji betri kwa dinamo. Ile dinamo ya Lucas C40 ilitoa ampia 22 tu, tena injini ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa inanguruma polepole, inatoa kidogo sana. Ukiwasha taa usiku, na waipa, unakula akiba ya betri. Mambo yakabadilika altaneta ilipokuja, na Series III ilitoka nayo kiwandani. Altaneta kama Lucas 16ACR hutoa ampia 34, na inaanza kuchaji hata kwenye mwendo mdogo. Kwa gari linalolala porini au kubeba wagonjwa usiku, hiyo ni tofauti kubwa.

Lakini hapa ndipo mtego ulipo. Land Rover za kabla ya 1967 ziliunganishwa chanya kwenye bodi. Ndiyo, chanya! Magari mengi ya Uingereza yalikuwa hivyo. Mwaka 1967 kiwanda kikageuza, hasi ikaenda kwenye bodi kama magari ya leo. Altaneta ina dayodi ndani yake, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukiifunga altaneta ya kawaida kwenye gari la ethi chanya, umeme wa betri unapita moja kwa moja na dayodi zinaungua palepale. Hela ya mteja imekwenda.

Na usiamini kadi ya gari. Mwenye gari wa zamani anaweza kuwa alishaigeuza miaka mingi iliyopita. Fuata waya kutoka betri hadi kwenye chasisi, uone ni kichwa gani kimefungwa pale.

Ukikuta chanya, kazi ya kugeuza si ngumu, ila ina utaratibu. Toa betri, igeuze. Geuza waya mbili ndogo za koili. Geuza waya za geji ya ampia, la sivyo itasoma kinyume. Stata haina shida, itazunguka upande uleule. Balbu nazo hazijali. Redio ndiyo inajali, itoe kwanza. Ukitaka kubaki na dinamo, unagusisha kwa sekunde moja waya kutoka kichwa hai cha betri kwenye terminali ya F ya dinamo, ili sumaku yake ijipange upya. Ukiweka altaneta, kile kiboksi cha zamani cha kuongoza chaji hakitakiwi tena. Na waya wa kuchaji lazima uwe mnene zaidi, kwa sababu ule wa zamani na geji yake havikupangiwa mzigo mpya. Ongeza na fyuzi. Gari hizi zilitoka na fyuzi mbili tu, ndiyo sababu nyingi zimeungua waya nyuma ya dashibodi.

Tuje kwenye kabureta. Injini ya lita 2.25, iliyokuja na Series II, ilianza na kabureta ya Solex. Mwaka uleule wa 1967 ikaingia Zenith. Zenith ni nzuri, ila ina ugonjwa unaojulikana: kifuniko chake hujipinda kwa joto, na oringi ya ndani huchakaa. Petroli inapita pasipotakiwa, gari linatoa moshi mweusi na kuzimika kwenye taa za barabarani. Mafundi wengi hapo huitupa na kununua Weber ya mdomo mmoja, ambayo hupunguza matumizi ya petroli lakini nguvu nayo hupungua kidogo. Kabla ya kumwambia mteja anunue, fungua kwanza. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa kifuniko mpaka ulale sawasawa, badilisha oringi. Mara nyingi ugonjwa unapona kwa bei ya soda chache.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu cha Uingereza hakiliwazii sana, nalo ni milima yetu. Kabureta inapima petroli kwa kufuata hewa inayoingia. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya bahari, Bukavu na Kigali karibu mita 1,500. Huko hewa ni nyepesi. Gari lililosetiwa Dar es Salaam likipanda huku litakula petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zitakuwa nyeusi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, na kuseti upya. Kabureta mpya kutoka kwenye boksi haijui iko wapi. Fundi ndiye anajua.

Na fuateni mpangilio: umeme kwanza, kabureta baadaye. Kama platini kwenye distribyuta (wenzetu wa Kongo huita delko) imechakaa, cheche ni dhaifu, na utaseti kabureta siku nzima bila mafanikio. Ukibadilisha platini kwa kifaa cha elektroniki, soma kwanza kimetengenezwa kwa ethi ipi. Tumerudi kwenye 1967 tena.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wetu hatuna cheti, na baadhi yetu tuliviacha nyumbani. Mteja hawezi kutujua kwa karatasi. Anatujua akiona tunapima kabla ya kukata waya, na tunaweza kumweleza kwa nini.

Wale wazee waliofanya kazi kwenye gereji za misheni na za serikali bado tunao, hata hapa kambini. Waulizeni walifanyaje wakati spea hazifiki. Andikeni majibu yao hapa chini, na aina ya gari, ili na wengine wajifunze. Mwenye uzoefu wa Peugeot 404 au 504 naye aandike, tunamsubiri.