Barua Kutoka Ugenini

Mtu akihamia nchi ya mbali, barua yake ya kwanza haielezi siasa za huko. Inaeleza chakula, baridi au joto, nani anamfulia nguo, watoto watasoma wapi, pesa zimebaki ngapi. Wazungu walioishi India na Kenya waliandika hayo. Waswahili waliofika Ulaya katika zama za ukoloni nao waliandika hayo. Manung'uniko yanafanana mno. Tofauti iko mahali anaposimama mnung'unikaji. Mmoja yuko barazani, anawatazama watu. Mwingine yuko njiani, watu wanamtazama.

Nianze na Emily Eden, maana ndiye anayenisumbua zaidi. Alifika Calcutta mwaka 1836 pamoja na kaka yake, Lord Auckland, Gavana Mkuu mpya wa India. Oktoba 1837 msafara wao ukaanza safari ya kaskazini: watu wapatao 12,000, tembo, ngamia na mahema. Kwa zaidi ya miaka miwili Emily alimwandikia dada yake Uingereza, na barua hizo zikachapishwa mwaka 1866 kwa jina la Up the Country. Vumbi linamkera. Joto linamtesa. Anahesabu siku akisubiri meli ya barua. Mbwa wake ana mtumishi wake peke yake. Emily ana macho makali na kalamu nyepesi, lakini kwa kurasa nyingi wenyeji ni pazia tu la nyuma, rangi na kelele za nchi asiyoitaka.

Mwanzoni mwa 1838 msafara ulipita Kanpur wakati wa njaa kali, na kalamu ile ikabadilika. Watoto waliobaki mifupa waliingia ndani ya barua, vumbi likasahaulika. Mwaka uliofuata, huko Simla milimani, Waingereza walifanya dansi ya kumheshimu Malkia Victoria. Emily alihesabu Wazungu 105 wakicheza, na watu wa milimani kama 3,000 waliojifunika mablanketi wakitazama, wakiinama kila Mzungu alipowakaribia. Akamweleza dada yake kwamba wakati mwingine hushangaa kwa nini watu hao hawawakati vichwa wote, mambo yakaisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi kubwa kuliko zote katika kitabu kile. Kwa mara moja mwanamke huyu amejiona kwa macho ya wale waliojifunika mablanketi. Miaka 18 baadaye, 1857, India ya kaskazini iliwaka moto wa uasi.

Sentensi ya namna hiyo huipati katika The Complete Indian Housekeeper and Cook, kitabu cha Flora Annie Steel na Grace Gardiner cha mwaka 1888, kilichowaongoza wake wa Kiingereza nchini India kwa miongo kadhaa. Kagua jiko kila siku. Weka stoo chini ya ufunguo wako. Jifunze Kihindustani ili amri zako zieleweke. Mtumishi wa Kihindi, kwa mujibu wa waandishi hao, ni mtoto katika kila jambo isipokuwa umri. Steel hakuwa mvivu wa kujifunza. Alikusanya ngano za Punjab kutoka vinywani mwa wenyewe, na ngano hizo zinasomwa hadi leo. Ndiyo maana inauma zaidi. Lugha aliyoitumia kusikiliza ngano uani, aliigeuza kuwa lugha ya amri mara alipoingia jikoni.

Sisi tunaijua lugha ya aina hiyo. Walowezi wa Kenya walikuwa na Kisetla, Kiswahili kilichonyofolewa viambishi, kikabaki na vitenzi vya kuagiza: leta, peleka, ngoja, toka. Baadhi ya maneno ya nyumba zao yalitoka India moja kwa moja. Dobi ni neno la kule. Memsabu aliyegonga kengele ya chai Nairobi alikuwa amebeba cheo kilichozaliwa Calcutta. Watu wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlowezi alifika, akalikamata jembe siku ya kwanza, akamkabidhi mwenyeji.

Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima vya Ngong kuanzia 1914 hadi 1931, ni mwandishi wa daraja la juu kuliko hawa, na mpishi wake Kamante na msimamizi wake Farah Aden wana hadhi ndani ya Out of Africa ambayo watumishi wa Steel hawana. Hata hivyo mimi huziamini zaidi barua alizoandikia familia yake Denmark, zilizotoka kitabuni mwaka 1978. Humo kuna madeni, mvua iliyogoma na ugonjwa. Kitabu kinalia shamba zuri lililopotea. Barua zinaonyesha jinsi lilivyokuwa likipotea mwezi baada ya mwezi.

Sasa tuvuke bahari kwa upande wa pili. Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliondoka kwao mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mbali na kumbukumbu zake za 1886, aliandika barua za kwenda nyumbani ambazo hazikuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Malalamiko yake ungeweza kuyaweka kinywani mwa Emily Eden: hali ya hewa isiyofaa binadamu, lugha asiyoijua, upweke, barua zisizofika. Lakini barabarani Hamburg, yeye ndiye onyesho. Wanamtazama kila aendako. Amebatizwa, na moyoni hajui asali vipi. Pesa zinapungua, anahama mji baada ya mji, anafundisha Kiarabu ili watoto wale. Jembe alipewa, tena bila kungoja siku ya tatu.

Kwa kuwa alitazamwa, aliweza kujibu. Katika kumbukumbu zake anamsema msafiri wa Ulaya anayekaa wiki chache Misri au Uturuki, kisha anarudi kuandika kitabu kinene juu ya maisha ya wanawake asiowahi kuwaona. Anazilaumu pia shule za Kijerumani kwa kuwashindilia watoto masomo. Hizo ni kurasa za mtu aliyelipia haki ya kusema.

Nisimpambe, hata hivyo. Anapofika kwenye utumwa, Salme anautetea, na anawaeleza watumwa Waafrika kuwa wavivu wanaohitaji kusimamiwa. Ni Steel mtupu. Alikuwa amekulia katika kasri iliyohudumiwa na watumwa, na baridi yote ya Hamburg haikumfundisha kumtazama upya yule aliyemletea maji ya kuoga utotoni. Kutazamwa kulimfungua macho kwa jambo lililompata yeye. Mbele ya wale waliomtumikia, macho yalibaki yamefumba.

Ndipo namgeukia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakijiandaa kwenda kufanya kazi makoloni. Yaani yeye, mgeni, ndiye aliyewaandaa wageni wa kesho wa nchi yake, na baadhi yao waliona aibu kufundishwa na mtu mweusi. Aliacha kazi. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam. Fikiria meli imetia nanga, minazi inaonekana, na huruhusiwi kukanyaga pwani uliyozaliwa. Walirudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927.

Siku hizi Mzungu wa kawaida anayeishi nje naye ameanza kuonja karatasi za wenyewe. Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, wakazi Waingereza nchini Hispania ambao hawakuwa wamebadilisha leseni zao za udereva walipigwa marufuku kuendesha kuanzia 1 Mei 2022 hadi katikati ya Machi 2023. Wazee wa vijijini walikwama, hospitali iko mbali, basi ni la kubahatisha. Mmarekani aishiye popote hujaza fomu za kodi za kwao kila mwaka. Nchi nyingine inayojulikana kwa kuwatoza raia wake walio nje ni Eritrea. Silinganishi leseni na meli ya Mtoro. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kusimama dirishani pa afisa wa kigeni, karatasi mkononi, ana jambo la kweli la kuandika, awe wa Leeds au wa Lamu.

Na sisi tunaandika kidogo mno. Waswahili wako Muscat, Toronto, Minneapolis na Birmingham. Wanalea wazee wa watu, wanaendesha malori, wanafungasha mizigo usiku. Habari zao zinaishia katika sauti za WhatsApp ambazo simu ikiharibika zimekwenda. Ndugu yangu uliye huko, ziandike. Andika kodi ya nyumba ni kiasi gani, mwanao amerudi na neno gani kutoka shule, jirani alikutazama vipi siku ya kwanza. Na kama kuna msichana wa kazi unayemlipa katika nyumba uliyoiacha Mombasa au Tanga, mwandike naye, kwa jina lake.