Gisenyi: mji unaoishi kwa mpaka

Gisenyi uko Rwanda, wilaya ya Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu, ukigusana na Goma ya Kongo. Mkataba wa mwaka 1910 uliwaachia Wajerumani Gisenyi, na Wabelgiji wakabaki na Goma. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka Gisenyi pia. Kiwanda cha bia cha Bralirwa kilianzishwa hapa mwaka 1957.

Hakuna mto wala mlima kati ya miji hii miwili. Wachuuzi huvuka kwa miguu Petite Barrière wakibeba mboga, maziwa na unga. Kivuko cha pili, Grande Barrière (La Corniche), kiko karibu na ziwa.

Mpaka ukitikisika, soko hutikisika. Julai 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walipita hapa kuingia Goma. Januari 2002 na Mei 2021, volkano ya Nyiragongo iliwaleta watu wa Goma Gisenyi. Machi 2020 UVIKO-19 ulisimamisha wachuuzi, malori yakaendelea kupita. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma.

Kutoka Kigali ni takriban kilomita 155. Mwenye shehena inayooza na aulize hali ya mpaka kabla ya kupakia.