Kwa nini zimwi la kwenye tamthilia humwacha ampendaye

Sisi wa Pwani tumezoea kinyume chake. Jini mahaba, kwa wanaoamini habari zake, haondoki kwa hiari. Humwandama mtu miaka na miaka, akamvurugia posa na ndoa, mpaka asomewe. Bara nako ni vingine. Katika ngano za Wabukusu, watu wa Matulo na sehemu kubwa ya Bungoma hadi upande wa Kitale, linani ni zimwi la kula watu, na joka yabebe lilikatwa kichwa na Mango pangoni Mwiala. Huko zimwi huuawa. Halifungi virago kwa huruma.

Basi aliyelelewa na hadithi hizo ana haki ya kushangaa akitazama tamthilia za Marekani, ambamo mnyonya damu anampenda binti kwa dhati, kisha anamwacha.

Mfano mashuhuri ni Angel, katika Buffy the Vampire Slayer (1997–2003). Angel alilaaniwa kwa kurudishiwa roho yake, ili ateswe na kumbukumbu za aliowaua. Laana hiyo ina sharti: akionja furaha kamili hata mara moja, roho inamtoka na ukatili unarudi. Furaha hiyo anaipata kwa Buffy. Matokeo yake ni mauaji, akiwemo mwalimu Jenny Calendar. Kwa hiyo anapoondoka mwaka 1999, hofu yake si ya kubuni. Amekwisha kuona mkono wake unavyofanya. Isitoshe, yeye hazeeki, hawezi kutembea juani wala kuzaa, na Joyce, mama yake Buffy, alishamwendea faragha kumwomba amfikirie mwanawe. (Mama wa binti kumwendea mchumba kimyakimya! Hilo hata Mji wa Kale halihitaji mkalimani.)

Ipo pia sababu ya kibiashara. Wapenzi wakitulia, hadithi imekwisha. Na Oktoba 1999 Angel alianza tamthilia yake mwenyewe, akiigizwa na David Boreanaz yuleyule. Kabla yao, The Incredible Hulk (1978–1982) iliishi kwa kuondoka: David Banner, ambaye akikasirika hugeuka jitu la kijani, hufika mji mpya, hupendwa na wenyeji, na mwisho wa kipindi yuko barabarani tena na begi lake.

Lakini tuseme ukweli, si kila anayeondoka anastahili sifa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la runingani haliamini hivyo. Linajiogopa lenyewe, na hofu hiyo hulipa ruhusa ya kumwamulia mwenzake bila kumuuliza. Angel angalau alimweleza Buffy mapema kwamba ataondoka. Edward, katika filamu ya New Moon ya mwaka 2009, anafanya vibaya zaidi. Bella anajikata kidole kidogo tu siku ya kuzaliwa kwake, Jasper anamrukia kwa kiu ya damu, na Edward anaamua kuhama na familia yake yote. Anamdanganya binti kwamba hamtaki tena, eti amlinde. Bella anabaki akidhoofika miezi kadhaa. Kisha Edward anapata habari za uongo kwamba Bella amekufa, anakwenda Italia kutafuta wa kumuua, na wa kupanda ndege kwenda kumwokoa ni Bella huyohuyo aliyeachwa ili awe salama.