SANDUKU LA BARAFU: KWA NINI MJOMBA ALING'OA "FRIJI" KWENYE BOTI YAKE PALE KIVUKONI

Leo tunaweka pembeni stori za mastaa, twende mtoni. Nina historia ya sanduku la barafu. Najua unasema "huyu naye kakosa cha kuandika". Tulia, soma mpaka mwisho.

Nyumbani kwa mjomba wangu hapa Ifakara kuna sanduku kubwa la mbao chini ya mwembe. Kuku wanatagia humo. Ukilifungua unakuta ndani kuna bati, na katikati ya mbao na bati zimeshindiliwa zile foma nyeupe nyepesi zinazokuja na tivii mpya. Hilo lilikuwa friji ya boti. Halikuwa deli la kubeba mkononi, lilijengwa humo humo, likapigiliwa misumari kwenye mbavu za boti. Mwaka 2018 mjomba akachukua nyundo na msumeno, akaling'oa. Watu wa Kivukoni wakasema mzee kachanganyikiwa.

Kwa nini aling'oe kitu alichokitolea jasho? Hapo ndipo historia inapoanza.

Kabla ya barafu kulikuwa na moshi

Bonde la Kilombero ni maji. Masika mto unafura, unasambaa mbugani mpaka huoni mwisho. Ardhi oevu hii ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2002 iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar, karibu hekta 800,000. Wandamba wamevua humu tangu enzi za mababu, kwa mitumbwi ya kuchonga gogo moja. Kambale, perege, kitoga, wote wapo.

Mtumbwi wa gogo hauna nafasi ya kuchezea. Ni wewe, kasia, nyavu na samaki. Sasa samaki wa jua la huku ukimvua alfajiri, mchana ameshaanza kulegea. Dawa ilikuwa moja: kubanika. Unajenga kichanja, unawasha moto wa taratibu, moshi unafanya kazi. Samaki mkavu ni mwepesi, hachukui nafasi na anakaa wiki nyingi. Moshi ndiyo ilikuwa friji ya bonde, na iliachwa nchi kavu. Boti haikuibeba.

Barafu ni abiria asiyelipa nauli

Dunia nayo ilihangaika na hili. Mwaka 1833 kuna mfanyabiashara wa Boston, Marekani, alipakia barafu ya ziwani kwenye meli, akaipeleka Calcutta, India. Ilitoka na tani kama 180. Baada ya safari ya miezi minne ikafika na tani kama 100. Zilizobaki ziliishia kuwa maji njiani. Na bado jamaa alipata faida! Ila ona gharama: ukibeba ubaridi, sehemu ya chombo chako inabeba kitu kinachopotea.

Huku kwetu barafu kwenye boti ilipata jina kubwa Ziwa Victoria, enzi za biashara ya minofu ya sangara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa ziwa lile kwa sababu ya hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Biashara ilipofunguliwa tena, masharti ya usafi na ubaridi yakakaza. Mjomba alikuwa kijana wakati huo, yuko Mwanza, anabeba barafu kutoka kiwandani kwenda kwenye boti za kukusanya samaki. Huko ndiko alikoona masanduku yaliyojengwa ndani ya boti.

Akarudi Ifakara na wazo hilo kichwani. Mwaka 2009 akatafuta fundi wakatengeneza boti ya mbao, katikati wakaweka sanduku. Barafu alinunua mjini kwa akina mama wenye friza, zile za mifuko. Alikuwa anapita kwa wavuvi wa ndani huko, ananunua samaki, anawalaza kwenye barafu, jioni yuko Kivukoni na samaki wabichi macho yanang'aa. Hela ilikuwepo, tena nzuri.

Twende kwenye hesabu

Nimelipima lile sanduku kwa futi kamba. Nje lina urefu wa sentimita 100, upana 70, kimo 60. Hiyo ni lita 420. Lakini kuta, kitako na mfuniko vina unene wa sentimita 10 kila upande. Ndani inabaki 80 kwa 50 kwa 40, yaani lita 160 tu. Lita 260 zimeliwa na kuta!

Bado hujamaliza. Kwenye joto la huku, kilo moja ya samaki inataka karibu kilo moja ya barafu. Kwa hiyo hata hizo 160, nusu ni za barafu. Sanduku linakaa katikati ya boti kama chifu, na samaki wa kuuza wanapata kakona. Pale pale zingekaa gunia mbili za mpunga na chenji.

Alivumilia miaka tisa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Daraja likabadilisha kila kitu

Zamani kuvuka mto Kilombero kwenda Ulanga ilikuwa ni kivuko. Na kivuko hakikuwa mchezo: Januari 2016 MV Kilombero II ilizama. Wakubwa zetu wakiizungumzia mpaka leo sauti zinashuka.

Halafu likaja Daraja la Magufuli, mita 384, likazinduliwa rasmi Mei 2018. Watu wote waliongelea magari na mabasi. Mjomba aliangalia kitu kingine: bodaboda. Vijana walianza kufunga deli nyuma ya pikipiki, wanavuka darajani, wanamfuata mvuvi mpaka mwaloni. Barafu ikahamia barabarani. Wakati huo huo watu wa mashamba ya mpunga huko mbugani bado walihitaji boti, kwa sababu bodaboda haiogelei.

Nilimuuliza kwa nini aliling'oa. Akanijibu, "Mjomba, barafu imepata usafiri wake. Mimi nimebaki na magunia."

Kwa hiyo tukisema "mzee kachanganyikiwa" tunamkosea. Alikuwa amesoma alama za nyakati kabla yetu sote.

Ila kulikuwa na bili

Msimu wa kwanza ulikuwa mtamu. Msimu wa pili boti ikaanza kuvuja. Wakaziba kwa kalafati, ikavuja tena. Fundi alipokuja akacheka: lile sanduku lilikuwa limepigiliwa kwenye mataruma, yaani mbavu za boti, pande zote mbili. Lilikuwa limeshikilia tumbo la boti miaka yote. Lilipotoka, mbao zikaanza kufunguka taratibu. Juu ya hapo zile foma zilikuwa nyepesi, na magunia ni mazito. Boti ikawa inakaa chini zaidi majini.

Bili ya pili ilikuja masika. Siku moja mjomba alibeba samaki wa mvuvi mmoja, makubaliano ni kwamba bodaboda angewapokea mwaloni. Mvua ikapiga, njia ikawa tope, pikipiki haikufika. Saa nane mchana samaki wameanza kunuka, na hela aliyowalipia ilikuwa ya mkopo wa vikoba. Aliyemuokoa ni shangazi mmoja jirani, alikuja na kuni na kichanja, wakabanika usiku kucha. Hasara ilikuwepo lakini mkopo ulirudi. Unaona? Friji ya mababu ikaja kulipa deni la friji iliyong'olewa.

Sasa hivi boti ina ubao mnene unaokingama katikati, kushika mbavu. Kuna mstari wa rangi nyekundu ubavuni: maji yakiugusa, hakuna gunia linaloongezwa, hata uwe shemeji yake. Na kuna deli dogo la kuhamishika. Siku ya samaki linapanda, siku ya mpunga linabaki nyumbani.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Kabla hujatoa kitu ili upate nafasi, uliza kilikuwa kinafanya kazi gani nyingine ambayo huioni. Sanduku lilibeba samaki, kweli, lakini pia lilishika boti.

Haya, zamu yako. Kwenu kuna kitu gani kilitolewa ndo mkagundua kazi yake? Dondosha komenti hapo chini, nazisoma zote. Kuku wa mjomba wanakusalimia.