Kwa Nini Wingu la Radi Huonekana Jeusi

Mtu wa Mwambao amezoea mvua inayoingia kutoka baharini usiku au alfajiri, ikanyesha ikapita. Akifika Sironga, kaunti ya Nyamira, kwenye mashamba ya chai na migomba, hushangaa. Asubuhi ni jua safi na nguo zimeanikwa. Saa nane mchana upande mmoja wa mbingu umekuwa mweusi kama chungu, na Alasiri radi inapiga. Kesho yake huenda ikawa vivyo hivyo.

Watoto huuliza kwa nini wingu lile ni jeusi, na sisi wakubwa huwajibu kwamba limebeba maji mengi. Jibu hilo halitoshi. Maji si meusi, hata yakiwa pipa zima.

Wingu ni vitone vidogo mno, kipenyo chake kama sehemu 0.02 ya milimita. Tone moja la mvua la milimita 2 hukusanya vitone kama hivyo takriban milioni moja. Kila kitone hutawanya mwanga wa jua, rangi zote kwa usawa, na rangi zote pamoja ni nyeupe. Ni kama chumvi: punje moja yapitisha mwanga, lundo lake ni jeupe.

Sasa tundika shuka nyeupe dirishani. Chumba bado kina mwanga. Tundika ishirini, moja juu ya nyingine, na ndani kutakuwa giza ingawa hakuna shuka nyeusi hata moja. Aliye nje, upande wa jua, ataona weupe mtupu. Wingu nene hurudisha juu sehemu kubwa ya mwanga, wakati mwingine hadi asilimia 90, na tunaosimama chini twaona kilichobaki. Pembeni mwake mbingu iking'aa, jicho huliona jeusi zaidi.

Kwa hiyo weusi ni habari ya unene, na Sironga unene huo una sababu. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria, lililo mita 1,134 juu ya bahari, hupanda milima ya Kisii na Nyamira ikakutana na upepo wa mashariki, na jua la mchana huisukuma juu zaidi. Wingu hurefuka hata kilele kikafika kilomita 12 au kupita. Wataalamu huliita kumulonimbasi. Huko juu maji huganda, chembe za barafu hugongana, chaji za umeme hutengana, na hapo ndipo radi huzaliwa. Mvua ya mawe pia hutoka humo. Kwetu Mombasa mawe hayo huyeyuka njiani, lakini nchi ya juu kama Nyamira yana safari fupi, hufika yakachana majani ya chai.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni hili: wingu linalowatia giza watu wa Sironga, mtu aliye Kendu Bay, jua likiwa mgongoni mwake, huliona jeupe kama mlima wa pamba. Ni wingu lile lile. Kwa hiyo asiyeona weusi asijione salama, kwani radi yaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mvua inaponyesha. Kisii na Nyamira wanaijua vizuri, wamezika watu kwa sababu yake.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo ifike, gawanya kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa chini ya 30, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, ukae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Chini ya mkaratusi au mwembe si mahali pa kujikinga.

Na nahodha anayeona mnara mweupe umesimama juu ya maji, kilele chake kimelala bapa kama fuawe la mhunzi, arudi pwani mapema. Weusi atauona akishakuwa chini yake, na mlingoti wake ndio kitu kirefu kuliko vyote pale baharini.